Nilivyotafuta maji ya tangi dogo la samaki wa bahari

Chumvi ndiyo sehemu rahisi. Unainunua kwenye paketi, unaipima, unaikoroga, basi. Kinachowatoa watu jasho ni maji baridi, yale yasiyo na chumvi, ambayo chumvi hiyo inatiwa ndani yake na ambayo utaendelea kuyamimina tangini siku nenda siku rudi maadamu tangi lipo. Mimi nilitumia muda mwingi zaidi kutafuta maji kuliko kutafuta samaki, na naandika haya kwa ajili ya yule ambaye bado yuko dukani anatazama samaki.

Tangi langu ni la lita 40. Ukiondoa nafasi iliyochukuliwa na mawe na mchanga, maji yenyewe hayazidi lita 34. Taa na pampu zikifanya kazi, nusu lita hivi hupaa na hewa kila siku. Maji yanapaa, chumvi inabaki, kwa hiyo kinachorudishwa ni maji baridi. Sasa piga hesabu. Nusu lita kwa siku ni lita 35 kwa wiki 10. Yaani kila wiki 10 nimemimina tangi zima jingine juu ya lile la kwanza, na chochote kilichoingia na maji hayo kisichoweza kupaa bado kimo humo. Watu huhangaikia maji ya kujazia tangi mara ya kwanza. Maji ya kuongezea ndiyo yanayoamua hatima ya tangi dogo, na hilo sikuambiwa na mtu.

Nilianza na maji ya bomba, kama wengi wanavyoanza, nikayatia dawa ya kuondoa klorini. Wiki za mwanzo yalikuwa mazuri tu. Kisha ukaja utando wa kahawia juu ya mchanga na vioo, laini, unaofutika kwa kidole na kurudi kesho yake. Utando huo huja karibu katika kila tangi jipya. Ni vijimea vidogo mno vinavyojenga maganda yao kwa silika, madini ya jamii ya yale ya mchanga na kioo, na silika iliyoyeyuka majini ikiisha navyo hupungua vyenyewe. Wa kwangu haukupungua. Nilisugua, nikapunguza saa za taa, nikapunguza chakula cha samaki, nikanunua konokono wa kuula. Ulirudi vilevile, kwa sababu kila asubuhi nilikuwa naupelekea silika nyingine kwa kikombe.

Hapo ndipo nilipoamua kuyajua maji yangu. Nilinunua kile kipimo kidogo cha kidijitali kinachoonyesha jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini. Ni rahisi kuliko vifaa vyote vya tangi, na kama ningeanza upya leo ningekinunua kabla ya tangi lenyewe. Maji ya bomba yalisoma 214, yaani miligramu 214 hivi katika kila lita. Kwa kunywa hayana neno. Kwa tangi, nambari hiyo haikuniambia ni miligramu 214 za nini, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Niliomba taarifa ya vipimo kwa wasambazaji wa maji. Wengi wao hupima maji mara kwa mara na hutoa matokeo ukiulizia. Mstari nilioutafuta kwanza ulikuwa wa dawa ya kuua vijidudu, na ukasema kloramini, siyo klorini. Tofauti yake ni kubwa. Klorini ukiiacha kwenye ndoo iliyo wazi usiku kucha, hasa ukiipulizia hewa, inaondoka yenyewe. Kloramini ni klorini iliyoungana na amonia. Hupendwa kwa sababu hudumu muda mrefu ndani ya mabomba, na kwa sababu hiyohiyo haitoki kwa kuachwa kwenye ndoo. Zile dawa za kawaida zenye thiosulfeti ya sodiamu huivunja, lakini zikishaivunja, amonia inabaki majini. Katika tangi lililokomaa bakteria wataila. Katika tangi la wiki tatu wanaoionja kwanza ni samaki.

Jambo la pili lilikuwa shaba. Samaki huistahimili kiasi, ndiyo maana madaktari wa samaki huitumia kutibu vimelea, ila kamba, konokono na matumbawe huuawa na kiasi kidogo sana. Mabomba ya nyumba nyingi ni ya shaba, na maji ya moto yaliyolala bombani huichukua zaidi. Kile kipimo changu hakingeniambia lolote juu yake, maana kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, na kiasi cha shaba kinachotosha kumwua kamba hakisogezi nambari hata kidogo. Nambari kubwa ni onyo la kweli. Nambari ndogo bado si cheti cha usafi.

Ukishaanza kuuliza watu, kila mmoja ana maji yake. Nilishauriwa maji ya kisima, kwa kuwa "hayana dawa". Kweli hayana klorini, lakini yanaweza kuwa na chuma, nitrati kutoka mashambani, chokaa nyingi, wakati mwingine hata gesi yenye harufu ya mayai viza. Kisima kimoja si kama kingine, na bila kipimo cha maabara unabahatisha. Maji ya mvua kutoka mawinguni ni karibu safi kabisa, hadi yagonge paa. Baada ya hapo yanabeba vumbi, kinyesi cha ndege, na zinki kama paa ni la bati. Kuna pia aliyenipendekezea maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi, akaniapia ni safi kama yaliyokenekwa. Nayo kweli yametokana na mvuke, ila njiani yamelala juu ya mirija ya shaba na vumbi la chumba kizima. Hayo niliyapeleka kwenye maua.

Maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri na pasi, yalinifaa kwa muda. Kama tangi lako ni dogo kuliko langu, pengine hutahitaji kitu kingine. Hakikisha tu kwamba hujapewa asidi ya betri badala ya maji, kwa sababu chupa zinafanana na huwekwa rafu moja. Kwangu shida ilikuwa wingi. Kuongezea tu ni lita tatu na nusu kwa wiki, ukijumlisha na lita tano za kubadilisha, chupa zinajaa nyumba.

Nikahamia kwenye duka la kujazia madumu ya maji ya kunywa. Maji yao yalipitia mtambo wa RO (kifupi cha Kiingereza, reverse osmosis), ule unaoyasukuma maji kwa shinikizo yapenye utando wenye vitundu vidogo mno hadi chumvi nyingi zibaki upande wa pili. Nilifurahi, nikajaza madumu mawili. Nilipofika nyumbani kipimo kikasoma 88. Nikarudi kuuliza. Yule kijana wa dukani hakukasirika, akanieleza kwamba baada ya kuchuja huongeza madini kidogo kwa ajili ya ladha. Ni haki yake, anauza maji ya watu kunywa. Akakubali kunitolea maji kabla hayajatiwa madini, nayo yakasoma 12, na kwa miezi kadhaa tukaishi hivyo kwa amani. Utando wa kahawia ukaanza kupauka. Konokono wakapata nafasi ya kuumaliza.

Kisha siku moja nikamimina bila kupima, kesho yake nikapima kilichobaki kwenye dumu: 167. Duka lile halikuniambia kwamba utando wa mtambo wao umechoka, na pengine wenyewe hawakujua. Kwa mnywaji wa kawaida maji yalikuwa yaleyale. Tangu hapo dumu halifunguki juu ya tangi langu kabla kipimo hakijazamishwa ndani yake, hata liwe nimelijaza kwa mkono wangu mwenyewe.

Mtambo wangu wa RO ulinigharimu zaidi ya tangi, na niliununua kwa kinyongo. Hatua zake ni nne: chujio la mashapo, chujio la mkaa, utando wenyewe, na mwisho chupa ya resini inayonasa kile kilichoponyoka. Mkaa haupo kwa mapambo. Klorini hula utando, kwa hiyo mkaa ukichoka na utando unafuata, na utando ndio kipande cha bei. Kama maji yako yana kloramini, tafuta mkaa uliotengenezwa kwa ajili hiyo, kwa kuwa kloramini huhitaji kukaa na mkaa muda mrefu zaidi. Maji yangu ya 214 hutoka kwenye utando yakisoma 9, na baada ya resini kipimo husema 0.

Kuna mambo mtambo huo haukuandikiwa kwenye boksi. La kwanza, hupoteza maji. Kwa kila lita moja safi, wangu hutupa lita tatu hadi nne, na presha ya bomba ikishuka hutupa zaidi na kutoa kidogo zaidi. Maji hayo si machafu, ni maji ya bomba yaliyozidiwa madini tu, kwa hiyo nayaelekeza kwenye pipa la kupigia deki na chooni. La pili, glasi ya kwanza haifai. Mtambo ukizimwa, chumvi hupenya polepole kutoka upande mchafu wa utando kwenda upande safi, na ukiuwasha tena zinatoka zote kwa pamoja. Nilipima glasi ya kwanza kabla ya resini nikaona 41, dakika chache baadaye 9. Sasa lita mbili za mwanzo naziachia pipani, na siuwashi mtambo mara tano kwa siku kuchota kikombe kikombe. Nachota dumu zima kwa mpigo, na resini inadumu.

Resini nayo ina tabia yake. Ikianza kuchoka huachia kwanza vile ilivyovishika kwa ulegevu, silika ikiwa mojawapo, na amonia pia mahali penye kloramini. Silika haipitishi umeme wa maana, kwa hiyo kipimo kinaweza kusoma 1 au 2 huku utando wa kahawia umeshaanza kurudi kwenye kioo. Mchanga ukianza kuwa na rangi ya chai, mimi hubadilisha resini kwanza na kuuliza maswali baadaye.

Vyombo vinastahili maneno machache tu. Plastiki ya kuwekea chakula, mpya, isiyowahi kuonja sabuni, rangi wala dawa ya wadudu. Usitumie chochote cha chuma. Andika juu ya kila dumu kwa kalamu isiyofutika: BARIDI au CHUMVI. Utaona baadaye kwa nini nasisitiza.

Sasa chumvi. Chumvi ya mezani ni kloridi ya sodiamu peke yake, mara nyingi ikiwa na madini joto na dawa ya kuizuia isigande. Katika bahari, sodiamu na kloridi ni kama asilimia 86 ya chumvi yote. Zinazobaki ni salfeti, magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na wenzao, na humo ndimo kamba anamopata cha kujengea gamba na matumbawe mifupa yao. Kwa hiyo unahitaji chumvi iliyochanganywa kwa ajili ya tangi. Kwa lita 10 mimi hutumia gramu 370 hivi, nikilenga gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, kwa kuwa paketi ina unyevu ndani yake. Kabla ya kuchota natikisa na kugeuza paketi, maana punje nzito hushuka chini safarini.

Maji kwanza, chumvi baadaye. Ukiweka chumvi ndooni halafu ukamimina maji kidogo juu yake, kalsiamu na kaboneti hukutana zikiwa nyingi mno, hushikamana na kuwa unga mweupe. Ndoo inageuka maziwa, na unga ule ukishatulia chini hauyeyuki tena. Hiyo ni kalsiamu uliyoilipia. Mimi naijaza ndoo, nawasha pampu ndogo na hita ya nyuzi joto 25, halafu nanyunyiza chumvi kwa mkono mmoja huku pampu ikizungusha. Inakuwa na ukungu mwanzoni, kisha inang'aa. Naiacha izunguke hadi kesho yake, ingawa paketi nyingine huelekeza itumike mapema zaidi; soma ya kwako.

Kupima chumvi kulinisumbua kuliko nilivyotarajia. Haidrometa ya plastiki yenye mshale unaoelea ilinipa majibu matatu kwa maji yaleyale, kwa sababu ya vipovu vidogo vinavyong'ang'ania mshale na kuuinua. Ukiigonga kidogo juu ya meza vipovu vinatoka na mshale unashuka. Niliishia kwenye refraktometa, kile kijidarubini unachokidondoshea maji tone mbili, unafunika kifuniko, unakielekeza kwenye mwanga na kusoma mahali rangi ya buluu inapokutana na nyeupe. Nacho kina mtego. Maelekezo husema kirekebishwe kwa maji safi hadi kisome sifuri, lakini kinaweza kuwa sahihi kwenye sifuri na kupotoka kwenye 35, na 35 ndipo tunapoishi. Tumia myeyusho wa kurekebishia wa 35. Ukiukosa, yeyusha gramu 36.5 za chumvi tupu isiyo na madini joto katika gramu 963.5 za maji ya RO. Mwanga hupinda humo kama unavyopinda katika maji ya bahari ya 35. Funika vizuri, maana yenyewe pia hupaa.

Nilipokuwa nimeshajiona fundi, nikasafiri kwa wiki moja na ushei. Nikamwachia mdogo wangu tangi na maelekezo: kila asubuhi ongeza maji hadi kwenye mstari. Madumu yalikuwa mawili pembeni, hayajaandikwa kitu. Niliporudi, samaki wawili walikuwa wamejibanza kwenye kona, kamba amelala ubavu, na matumbawe yamejifunga yote. Refraktometa ikasoma 39.

"Uliongeza maji gani?"

"Haya ya chumvi, dada. Si ulisema ni samaki wa bahari?"

Hakuna aliyeweza kumlaumu. Ukiwa hujui kwamba chumvi haipai, jibu lake ndilo lenye akili. Lita nne za maji chumvi juu ya lita 34 zinatosha kabisa kufikisha huko. Nilitoa kikombe cha maji ya tangi na kurudisha kikombe cha maji baridi, mara chache kwa siku, nikishusha taratibu, kwa sababu kushuka ghafla huumiza kuliko kule kupanda polepole. Samaki walipona. Kamba hakufika jioni, na mdogo wangu alikataa kula siku ile. Tangu siku hiyo kuna mstari wa utepe kwenye kioo, dumu moja tu karibu na tangi, na la chumvi linafungiwa kabatini nikisafiri. Hata usipoongeza kitu mambo hayasimami: siku nne bila kuongeza, na 35 ya tangi langu inakaribia 37.

Walio karibu na bahari huniuliza kwa nini wasichote tu. Wachote, ila siyo popote. Mbali na mlango wa mto, mbali na bandari na mifereji ya mji, siyo baada ya mvua kubwa, na maji yakiwa yanajaa. Wapime chumvi hapohapo, kwa kuwa bahari si moja. Baltiki juu juu ina 7 hivi mahali pengi, na kaskazini mwa Bahari ya Shamu hupita 40. Wayachuje kwa kitambaa, wayapulizie hewa, na wasiyaache kwenye dumu lililofungwa wiki nzima juani, maana vijidudu vilivyomo hufa na kuoza. Dumu la lita 20 lina kilo 20 na nusu za maji, na mchanga wa ufukweni hauna huruma kwa mgongo.

Ninaye rafiki anayefanya hivyo, tangi lake ni zuri kuliko langu na hajawahi kununua paketi ya chumvi. Ila tangi lake nalo hupoteza maji kila siku, na bahari haimpi maji baridi ya kuongezea. Kila wiki huja kwangu na dumu tupu lililoandikwa BARIDI, na halifungi kabla hajatumbukiza kipimo chake mwenyewe, ingawa changu kipo palepale mezani.